Elektrodi ya sodiamu kwa maji ya kisima: namna ya kuitengeneza mwenyewe hapa Dodoma

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hahitaji mashine ya kumwambia kwamba maji ya kisima chake yana chumvi. Ulimi umeshasema. Kipimo cha upitishaji umeme, kile tunachokiita kipimo cha EC, kitampa namba, lakini namba hiyo ni ya jumla: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, vyote vimetiwa kapu moja. Kwa udongo, mwenye kesi ni sodiamu. Ikizidi sana kuliko kalsiamu na magnesiamu, chembe za mfinyanzi huachana, vitundu vya udongo huziba, na maji ya umwagiliaji hubaki juu yakikaushwa na jua badala ya kushuka kwenye mizizi.

Kwa hiyo tunataka chombo kinachoona sodiamu peke yake. Kinanunulika, ila kwa bei ya maabara kubwa. Kinatengenezeka pia, kwa kiini cha kalamu ya risasi, betri ya volti 9 na kemikali chache za kuagiza, ambazo ukishazipata zinatosha elektrodi nyingi. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia, fundi sanifu maabara, au mwalimu mwenye mizani inayosoma hadi miligramu 0.1 na kabati la kufyonza mvuke. Kama huna kabati hilo, omba nafasi kwenye maabara inayolo kwa siku ya kumimina utando. Kazi nyingine zote zinafanyika kwenye meza ya kawaida.

Kwanza elewa unachojenga

Elektrodi yetu ina matabaka matatu. Chini ni grafiti, inayopitisha elektroni. Juu ni utando wa PVC uliolainishwa kwa mafuta, na ndani yake zimetawanyika molekuli zenye umbo la pete. Pete tunayotumia ni kaliksareni: vipande vinne vya fenoli vilivyounganishwa vikakaa kama kikombe kisicho na kitako, na kwenye ukingo mmoja ina mikono minne yenye oksijeni. Ioni ya sodiamu inaenea vizuri kati ya oksijeni hizo. Potasiamu ni nene mno, haikai sawasawa, kwa hiyo pete inaipendelea sodiamu zaidi ya mara mia. Molekuli za namna hii zilianza kuvuma mwaka 1967, Charles Pedersen wa Marekani alipochapisha habari za krauni etha. Miaka 20 baadaye akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn.

Pete ndizo zinazosifiwa, lakini ukiniuliza mimi, elektrodi hufa au hupona kwenye tabaka la katikati. Utando unapitisha ioni, grafiti inapitisha elektroni, na hawa wawili hawaelewani. Mwaka 1971 Cattrall na Freiser walipaka utando moja kwa moja juu ya waya. Ilifanya kazi, ila usomaji uliteleza kutwa nzima kwa sababu hapakuwa na kitu cha kubadilisha ioni kuwa elektroni kwa utaratibu. Polima inayopitisha umeme ndiyo iliyoziba pengo hilo. Inapokea ioni upande mmoja na kutoa elektroni upande wa pili. Mwaka 1992 Cadogan na wenzake waliweka polipiroli chini ya utando wa kaliksareni na kupata elektrodi ya sodiamu isiyo na maji ndani. Sisi tutatumia ndugu yake aliye mtulivu zaidi, PEDOT.

Vitu vya kutafuta

Mjini utapata kalamu za risasi za HB, waya wa umeme wa milimita 2.5 za mraba wenye ganda la PVC, gundi ya epoksi ya mirija miwili, rezista ya megaohmu 1 (mistari ya kahawia, nyeusi na kijani), betri ya volti 9, na testa ya kawaida.

Kemikali za kuagiza ni hizi: EDOT, ambayo ndiyo malighafi ya PEDOT, chumvi ya sodiamu ya polistairini salfoneti, kwa kifupi NaPSS, PVC ya unga yenye molekuli ndefu, mafuta ya DOS, kiyeyushi cha THF, chumvi ya NaTFPB, na kaliksareni yenyewe, ambayo kwenye orodha za wauzaji huitwa ionofori ya sodiamu namba X (kumi ya Kirumi). Usikwangue bomba la maji ukidhani umepata PVC. Bomba lina chokaa na vitu vingine vilivyochanganywa kiwandani, na utando wake hautakupa jibu la kueleweka.

Maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya betri ya gereji yanaweza kufaa ukiyapima EC kwanza na kukuta yako karibu na sifuri. Chupa nyingine zina maji ya bomba tu, na nyingine ni tindikali, kwa hiyo soma lebo.

Kitu kimoja hakina mbadala: mita ya milivolti yenye ukinzani mkubwa. Mita ya pH ya maabara yenye kitufe cha mV inatosha. Testa haifai kusomea elektrodi hii. Utando una ukinzani wa megaohmu kadhaa, testa ina megaohmu 10, na ukiviunganisha testa itanyonya mkondo na kukudanganya.

Hatua ya 1: mwili wa elektrodi

Pasua kalamu kwa wembe utoe kiini kizima. Kifute kwa asetoni kuondoa nta. Kata kipande cha ganda la waya chenye urefu wa sentimita 4, chomoa shaba, lilainishe kwenye maji ya moto, kisha sukuma kiini ndani kikiwa kikavu. Kitakaza, ndivyo tunavyotaka. Acha sentimita 1 ya grafiti itokeze nyuma kwa ajili ya kubana klipu. Ziba mwanzo na mwisho wa ganda kwa epoksi kidogo, iache usiku mzima.

Asubuhi sugua upande wa mbele kwa msasa laini, kisha kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, mpaka uone duara jeusi linalong'aa limezungukwa na PVC bila ufa. Duara lenye kipenyo cha milimita 2 lina eneo la sentimita za mraba 0.031. Namba hii tutaitumia sasa hivi. Tengeneza elektrodi tano au sita kwa mkupuo, kwa sababu moja au mbili zitakuwa mbovu na huwezi kujua mapema ni zipi.

Hatua ya 2: tabaka la PEDOT

Hapa usiwe na haraka.

Pima NaPSS gramu 1.03 ukayeyushe kwenye mililita 50 za maji. Ongeza mikrolita 53 za EDOT. EDOT ni mafuta, haipendi maji, na kiasi hiki kiko karibu na kikomo cha inachoweza kuyeyuka, kwa hiyo koroga kwa muda mrefu mpaka usione tone lolote limeelea au kuzama. Tone likigusa grafiti, polima itaota madoadoa. Kama una naitrojeni, ipitishe dakika 10 kuondoa oksijeni.

Maabara zenye potenshostati, mashine ya kudhibiti umeme wa elektrodi, hutumia mkondo wa miliampea 0.2 kwa kila sentimita ya mraba, kwa sekunde 714. Kwa duara letu hiyo ni mikroampea 6 na kitu. Huhitaji potenshostati kupata mkondo mdogo na tulivu namna hiyo. Unganisha ncha chanya ya betri kwenye rezista ya megaohmu 1, kutoka rezista nenda kwenye elektrodi yako, na ncha hasi iende kwenye kiini kingine cha kalamu ambacho hakijafunikwa. Kilichomo kwenye bika kitachukua karibu volti 2, zinazobaki zitaangukia kwenye rezista, na mkondo utakuwa mikroampea 7 hivi. Rezista ndiyo inayoamua. Hata polima ikibadilika njiani, mkondo unabaki palepale.

Kuhakiki, gusa miguu ya rezista kwa testa: kwa megaohmu 1, kila volti unayosoma ni karibu mikroampea 1. Ondoa testa ukishasoma, maana nayo inapitisha sehemu ya mkondo. Acha dakika 12, kisha kata umeme.

Usikosee ncha. EDOT huungana pale inaponyang'anywa elektroni, yaani upande chanya. Ukigeuza, elektrodi yako itatoa vipovu vidogo vya hidrojeni na haitaota kitu. Ikienda sawa, duara litapata rangi ya buluu nzito ambayo juu ya grafiti inaonekana kwa shida. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha utaona mng'ao wa grafiti mpya umepotea na uso umekuwa kama mahameli. Suuza kwa maji taratibu, usiguse kwa kidole wala karatasi, na uache ikauke siku nzima ndani ya kisanduku kilichofunikwa. Vumbi la Dodoma la mwezi wa Agosti halina adabu.

PSS tuliyotumia ina maana yake. Ni mnyororo mrefu wenye chaji hasi, umenaswa ndani ya PEDOT na hauwezi kutoka. Polima inapobadilisha chaji, wa kuingia na kutoka ni ioni chanya, na ioni chanya iliyopo jirani ni sodiamu.

Hatua ya 3: utando

Fanya hii ndani ya kabati la mvuke, glavu mkononi, bila moto wowote karibu. THF inawaka haraka, na chupa iliyokaa wazi muda mrefu hutengeneza peroksaidi zinazoweza kulipuka. Chupa ya zamani isiyojulikana historia yake iache.

Kwa miligramu 200 za utando: kaliksareni 2, NaTFPB 1, PVC 66, DOS 131, zote kwa miligramu, ndani ya mililita 1.5 za THF. Miligramu 1 haipimiki vizuri kwenye mizani ya 0.1, kwa hiyo yeyusha miligramu 10 za NaTFPB kwenye mililita 1 ya THF na uchukue mikrolita 100. NaTFPB usizidishe kwa kudhani unaongeza nguvu. Idadi ya molekuli zake lazima iwe chini ya ile ya kaliksareni, na hapa ni kama nusu. Ikizidi, pete zote zinajaa, ioni zinazobaki zinaingia bila kuchaguliwa, na elektrodi inageuka kuwa kipimo cha chumvi yoyote.

Funga kichupa, tikisa mpaka kimiminika kiwe safi kama maji. Dondosha mikrolita 10 juu ya duara la PEDOT, ukihakikisha tone linavuka na kushika PVC ya ganda pande zote. THF italainisha ganda kidogo na utando utaungana nalo. Subiri dakika 15, rudia mara mbili. Kisha funika kwa bika iliyopinduliwa, iliyoinuliwa kidogo kwa kiberiti, na uache mpaka kesho.

Bika hiyo ina kazi yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ya kiangazi ni kavu, kwa hiyo THF huondoka kasi na kuacha mashimo. Wakati wa mvua shida inageuka: kiyeyushi kikiondoka kinapoza uso, unyevu wa hewa unatua juu yake, na utando unakuwa mweupe kama ukungu. Utando mzuri ni angavu, laini, hauna kipovu. Wenye kipovu tupa, haurekebishiki.

Hatua ya 4: kuloweka na elektrodi ya rejea

Loweka elektrodi kwenye myeyusho wa NaCl wa milimola 10 kwa lita, usiku mzima.

Rejea, yaani elektrodi ya kulinganishia, ni waya wa fedha wenye kloridi ya fedha, ndani ya KCl ya mola 3 (gramu 22.4 kwa mililita 100). Ukiwa nayo ya kununua, tumia. Ukitaka kuitengeneza, waya wa fedha safi ukilowekwa kwenye jiki hufanya ganda la rangi ya udongo au zambarau. Uingize kwenye mrija wenye KCl uliozibwa chini kwa agari. Potasiamu itavuja kidogo kwenye sampuli. Kwa elektrodi ya sodiamu si balaa, ila usiache rejea ndani ya sampuli ukaenda kunywa chai.

Hatua ya 5: kalibresheni

Kausha NaCl ya maabara kwenye tanuri la nyuzi 110 kwa saa mbili. Chumvi ya mezani ina iodini na vitu vya kuzuia kugandamana, iache jikoni. Pima gramu 1.461 kwenye chupa ya mililita 250: hiyo ni milimola 100 kwa lita. Chukua mililita 10 uifikishe 100 upate milimola 10, na uendelee hivyo hadi milimola 0.1.

Anza na myeyusho hafifu uende kwenye mkali. Kwa kila mmoja koroga polepole, subiri usomaji utulie, yaani usisogee zaidi ya milivolti 0.1 kwa dakika, kisha andika. Suuza kwa maji na ufyonze kwa tishu kwa kugusa pembeni, usifute utando. Vidole visiingie. Jasho limejaa sodiamu, na tone moja kutoka kwenye kidole linatosha kuharibu myeyusho wa milimola 0.1.

Chora milivolti dhidi ya logi ya ukolezi. Nadharia inadai mteremko wa milivolti 59.2 kwa kila mara kumi ya ukolezi kwenye nyuzi 25. Nyuzi 22 za asubuhi zinatoa 58.6 na nyuzi 30 za mchana 60.2, kwa hiyo usifanye kalibresheni saa mbili asubuhi halafu sampuli saa tisa alasiri. Pia usikate tamaa ukipata 57 au 58 kati ya milimola 1 na 10. Elektrodi inasoma uamilifu wa ioni, yaani ukolezi unaofanya kazi, ambao unabaki nyuma kidogo ya ukolezi halisi kadiri myeyusho unavyokolea, na hata elektrodi kamilifu ingekupa chini ya 58 kwa hesabu hii. Ukipata 45, hapo kuna tatizo: mara nyingi ni kuloweka kidogo mno au ufa pembeni mwa utando.

Hatua ya 6: jaribio ambalo wengi hulikwepa

Elektrodi inaweza kuwa na mteremko mzuri leo na bado ikawa mbovu. Maji hupenya utando polepole, na kama hayana pa kwenda hujikusanya chini yake kama tabaka jembamba. Hapo unakuwa na myeyusho usioujua ndani ya chombo chako.

Weka elektrodi kwenye NaCl ya milimola 100 saa kadhaa ukiandika usomaji. Hamishia kwenye KCl ya milimola 100 kwa saa moja au mbili. Usomaji utaanguka sana kwa mara moja, na hiyo ni sawa, kwa sababu sodiamu haipo. Unachoangalia ni kinachofuata. Ukikaa palepale, vizuri. Ukianza kupanda taratibu, na ukirudisha kwenye NaCl ukashuka taratibu badala ya kurudi kwenye namba ya awali, kuna maji chini ya utando. Usijaribu kuikausha. Kwangua utando, sugua grafiti, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 7: kisimani

Pampu ya mkono ipigwe dakika kadhaa kabla ya kuchukua maji, ili upate ya ardhini na siyo yaliyolala kwenye bomba. Tumia chupa ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho. Maabarani acha sampuli na miyeyusho ya kalibresheni vikae pamoja mpaka viwe na joto moja. Soma milimola 1, sampuli, milimola 10, kisha milimola 1 tena. Usomaji wa kwanza na wa mwisho ukitofautiana zaidi ya milivolti 1, rudia. Milivolti 1 tu ni kosa la asilimia 4 hivi kwenye jibu.

Mfano wa hesabu. Milimola 1 imesoma 141, milimola 10 imesoma 198, sampuli 183. Mteremko ni 57. Toa 141 kwenye 183 upate 42, gawa kwa 57 upate 0.737, na kumi kwa kipeo cha 0.737 ni 5.5. Sampuli ina milimola 5.5 za sodiamu kwa lita. Zidisha kwa 23, ni kama miligramu 125. Kwa kunywa si tatizo: WHO inataja miligramu 200 kuwa kiwango ambacho ladha huanza kulalamikiwa.

Kwa shamba bado hujamaliza. Pima ugumu wa maji kwa titresheni ya EDTA. Tuseme ni miligramu 300 za kalsiamu kaboneti kwa lita; gawa kwa 50 upate miliekwivalenti 6 za kalsiamu na magnesiamu. Nusu yake ni 3, kipeuo chake cha pili ni 1.73. Gawa 5.5 kwa 1.73: uwiano wa sodiamu dhidi ya kalsiamu na magnesiamu, unaoitwa SAR, ni 3.2. Kwa majani na mizizi, FAO inahesabu chini ya 3 kuwa salama kwa umwagiliaji wa juu ya ardhi, kati ya 3 na 9 ni tahadhari, na zaidi ya 9 ni hatari. Kisima hiki kimevuka mstari kidogo. Mkulima anayenyunyizia kwa juu aambiwe mapema zaidi, kwa sababu miliekwivalenti 3 tu za sodiamu zinatosha kuunguza majani yakilowana, na yeye ana 5.5.

Ukitaka ioni nyingine

Badili pete, kazi nyingine inabaki ileile. Kwa potasiamu tumia valinomaisini, pete kubwa iliyotengenezwa na bakteria. Loweka na ukalibrishe kwa KCl, na hapo rejea lazima ipate mrija wa pili wenye asetati ya lithiamu ili KCl isivujie kwenye sampuli. Kwa ioni zenye chaji mbili kama kalsiamu, mteremko ni nusu, karibu 29.6, na kosa la milivolti 1 linakuwa asilimia 8.

Nitrati, ambayo kwa visima vifupi vilivyo jirani na vyoo ndiyo ningeanza nayo, haihitaji pete wala utando. Mwaka 1995 Hutchins na Bachas walionyesha kwamba polipiroli ikioteshwa ndani ya nitrati ya sodiamu hubaki na nafasi zenye ukubwa wa nitrati, na polima yenyewe inakuwa ndiyo kihisi. Betri na rezista ni zilezile. Mteremko wake utasoma hasi, kwa sababu nitrati ni ioni hasi. Usidhani umekosea waya.